Suluhu ya Mbwa Mdogo na Paka Wawili

Alipoletwa nyumbani kwangu hapa Piana-Mwanga yule mbwa mdogo, mwenye umri wa miezi minne hivi, ndani ya kapu lililokwisha kubebea ndagala, yaani dagaa, kutoka Kalemie, paka wangu wawili, jike na mwanawe wa kiume, walikuwa wamemaliza miaka mitano katika nyumba ile, nao wakizijua pembe zake, mapaa yake na ghala lake kuliko nizijuavyo mimi. Nami, kwa haraka ya furaha, nikamwachilia mgeni katikati ya ua mbele ya wenyeji, nikidhani ya kuwa wanyama wakikutanishwa ana kwa ana watazoeana kama watoto wazoeanavyo mchangani. Mbwa alikwenda mbio kuwalaki. Yule jike akajivimbisha manyoya, akamchana pua. Mwanawe akarukia paa la ghala la mahindi, akakaa huko siku mbili pasipo kushuka kula. Jirani yangu, mama auzaye muhogo, akaniambia kutoka upande wa pili wa ua, "Papa, utachagua: mbwa ao paka. Bila vile panya watakula muhogo wetu wote."

Kuchagua sikutaka, wala haikufaa. Hapa kwetu, penye maporomoko ya mto Luvua ambako kampuni ya Géomines ya Wabelgiji ilijenga mtambo wa umeme katika miaka ya 1930 kwa ajili ya machimbo ya bati ya Manono, mtu aliye na ghala ana haja ya paka, na aliye na mbuzi ana haja ya mbwa, na wengi wetu tuna vyote viwili.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa kutafuta kwanza asili ya ugomvi. Aghalabu husemwa kwamba mbwa na paka wameumbiwa uadui, na kauli hiyo nimeona haina msingi. Walichoumbiwa ni lugha mbili zisizofanana. Mbwa akitikisa mkia huku na huku, anaomba mchezo. Paka akiupiga mkia wake huku na huku, anaonya kwamba saburi yake imekwisha. Paka akiusimamisha mkia wima, anatoa salamu. Mbwa akiusimamisha, yu katika hali ya tahadhari. Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Feuerstein na Terkel, walichapisha utafiti wao juu ya nyumba zenye mbwa na paka pamoja, wakaeleza ya kuwa wengi katika wanyama hao hujifunza kuifahamu ishara ya mwenzake hata inapokuwa kinyume cha ishara yake mwenyewe, na ya kuwa mambo huwa mepesi paka akitangulia kufika nyumbani, na wakikutana paka hajatimiza miezi sita na mbwa hajatimiza mwaka. Nilipoipima nyumba yangu kwa kipimo hicho, niliona kwamba mbwa alikuwa mchanga na paka walikuwa wametangulia, walakini umri wao ulikuwa umekwisha kupita. Hapo nikatanabahi kwamba kazi yote ilikuwa upande wa paka, nami nilikuwa nikishughulika na mbwa peke yake.

Jambo la kwanza lilikuwa kuwatenga. Jirani yangu aliniazima mkeka mpana, nikautundika katika ujia ulio baina ya ua wa mbele na jiko, mbwa akabaki mbele, paka wakamiliki jiko na ghala. Na kwa muda wa siku kumi hawakuonana. Walakini walinusana. Nilichukua kipande cha kanga kuukuu, nikamsugua nacho mbwa shingoni na ubavuni, nikakiweka chini ya sahani ya paka. Na kipande kingine nilichowasugulia paka nikakitandika alipolala mbwa. Yule jike alikikaribia kitambaa kwa hatua ya kunyata, akakinusa, kisha akasimama kinywa wazi nusu, mdomo wa juu umejikunja, kama mtu aliyeonjeshwa siki, kwa maana paka ana kiungo cha hisi juu ya kaakaa ambacho hupelekewa harufu kwa namna hiyo. Siku ya kwanza hakula kilichokuwa juu ya kitambaa. Siku ya nne alikula. Siku ya saba nilimkuta amekilalia.

Tangu hapo nikaacha kuhesabu siku, nikaanza kuitazama sahani. Paka mwenye hofu hali. Na madhali hali, hajawa tayari kwa hatua ifuatayo, hata kama mwenye nyumba amechoka kungoja. Kwa kanuni hiyo nikawa nawalisha pande mbili za mkeka kwa wakati mmoja, sahani zikiwa mbali, hatua sita kila upande, kisha nne, kisha mbili. Na paka alipoacha chakula mara moja, nikazirudisha sahani nyuma bila kubishana naye. Wiki ya tatu niliukunja mkeka kiasi cha shubiri moja kutoka chini, wakaonana miguu.

Katika habari ya fimbo napenda kusema kwa kirefu, kwa sababu ndiyo dawa inayopendwa sana mitaani mwetu na ndiyo inayoharibu zaidi. Mbwa apigwaye kila amwonapo paka hafundishwi kumheshimu. Hufundishwa kwamba paka akitokea, maumivu yanafuata, na chuki hiyo ataitimiza siku ambayo mwenye fimbo hayupo. Mimi nilimfunga kamba ndefu, nikakaa naye kitako, na kila alipomtazama paka kisha akanigeukia mimi, nikampa ndagala mmoja mkavu. Akijivuta kumkimbilia, kamba ilimzuia, wala sikupandisha sauti. Kazi ilikuwa robo saa asubuhi na robo saa jioni, na kwa majuma mawili yule mbwa alikuwa akimwona paka anapita na kuugeuzia uso mkono wangu.

Hata hivyo kamba isingefaa kitu lau paka wasingekuwa na mahali pa kukimbilia. Nilipigilia mbao mbili ukutani, moja juu ya nyingine, zifikazo darini. Na katika mlango wa ghala nikakata tundu la kutosha kupita bega la paka, nikilipima kwa kichwa cha mbwa, nikijua kwamba atakua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2018, walieleza kwamba raha ya paka ndiyo inayoamua zaidi urafiki wa wanyama hawa. Nami naikubali kauli hiyo kwa macho yangu, kwa kuwa siku tundu lile lilipokamilika ndiyo siku dume aliposhuka kutoka juu ya ghala mbwa akiwapo.

Vyombo nilivitenga tangu mwanzo, na msomaji Mwislamu atafahamu kwa wepesi, maana sharia imetofautisha mabaki ya paka na chombo kilichorambwa na mbwa; mimi naona utengano huo unaafiki pia amani, kwa kuwa sahani ndiyo chanzo cha magomvi mengi. Na wote watatu nimeazimia wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kwani mkwaruzo mmoja wa mchezo wahitaji mnyama aliye salama. Mbwa aliyekwisha kuua paka, au amkaziaye macho kimya huku mwili umekakamaa, simshauri mtu yeyote kumjaribia njia hii.

Wiki ya saba yule jike alimjia mbwa mkia wima, wakagusana pua, ndiyo salamu ya paka, na mbwa akaipokea bila kuruka. Jioni hiyo nilimrudishia jirani yangu mkeka wake. Kamba ingali imetundikwa mlangoni, kwa kuwa mbwa hajatimiza mwaka.