Biwi la Nyuma ya Jiko

Kwa Sadala ndipo barabara ya Masama inapoachana na ile kuu ya Arusha na Moshi, na ndipo ndizi na parachichi za mlimani zinapokutana na mahindi na maharage ya tambarare. Soko likivunjika jioni, chini hubaki vikonyo vya mikungu, majani ya migomba yaliyofungia mizigo, majani ya nje ya kabichi na nyanya zilizopasuka. Mfagiaji anaona taka. Mama mwenye ng'ombe wawili huko juu Masama anaona chakula cha mifugo cha kesho asubuhi, na ataondoka na kiroba kilichoshindiliwa hadi mdomoni, abishane na kondakta kuhusu nauli ya mzigo. Mama wa namna hiyo ndiye ninayetaka kumwandika, kwa sababu ana ufundi ambao miji yetu siku hizi inautafuta kwa semina.

Na inautafuta kwa haki. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, maganda na mifupa vikihesabiwa humo, na tani milioni 631 kati ya hizo zilitoka majumbani mwa watu. Kikifukiwa jalalani bila hewa, chakula hicho huoza kwa kutoa methani, gesi ambayo, kilo kwa kilo, inaongeza joto la dunia kuliko hewa ya ukaa. Lakini mama wa Masama hakuanza kukusanya mabaki kwa sababu ya methani. Alikuta mama mkwe wake anafanya hivyo, na migomba ilikuwa inazaa.

Kihamba cha Mchagga kimejengwa juu ya kazi hii ya kurudisha mabaki shambani. Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi na mboga chini zaidi, mgrivea au mruka pembeni, masale mpakani, na katikati nyumba, zizi na jiko. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta wastani wa kihamba ni hekta 0.68, na tangu hapo wana wamegawana urithi mara nyingine na nyingine. Kipande kidogo hivyo, kikilimwa vizazi kwa vizazi bila kupumzishwa, kingekuwa kimechoka zamani kama kila kinachotoka jikoni na zizini kisingerudi shinani. Mwaka 2011 FAO iliorodhesha vihamba vya Shimbwe Juu, upande wa Moshi Vijijini, miongoni mwa mifumo ya kilimo ya urithi duniani. Wageni husifu miti na mifongo ya maji. Mimi ningewapeleka kwanza nyuma ya jiko.

Kazi yenyewe huanzia kwenye kisu. Anapomenya mchare wa mtori, mama huyu ana vyombo vitatu miguuni, na mkono wake hauulizi. Ganda la ndizi linakwenda kwenye karai la ng'ombe, likatwekatwe na kuchanganywa na majani. Ukoko wa wali na makombo ya sahani ni vya kuku na mbwa. Machicha ya mbege, kama juzi kulikuwa na shughuli, yameshachukuliwa na mwenye nguruwe. Hata maganda ya kahawa mbichi, yale mekundu yanayobaki baada ya kukoboa, yana rundo lake. Kinachofika kwenye biwi la mboji ni kile ambacho hakuna mdomo uliokitaka: maganda ya vitunguu, mashina magumu ya mchicha, majani ya chai yaliyokwisha, mabaki ya majani ambayo ng'ombe ameyakanyaga na kuyakojolea. Anayedhani kwamba kurejeleza taka za jikoni ni kutupa kila kitu shimoni amekosa nusu ya ufundi. Mnyama hula kwanza, ardhi hula mwisho, na ardhi hulishwa vizuri zaidi kwa sababu sehemu kubwa imeshapita tumboni mwa ng'ombe.

"Mama, na hili ganda la yai?" mkwe mgeni atauliza.

"Liponde kwanza, mwanangu. Likiingia zima utalikuta zima mwakani."

Sasa biwi. Huwekwa kivulini, chini ya mgomba, mahali ambapo maji ya mvua hayatuami. Chini kabisa hulazwa mabua ya mahindi au vijiti, ili hewa ipite kwa chini. Juu yake tabaka la vikavu, urefu wa kiganja hivi: majani makavu ya migomba, mabua yaliyokatwakatwa, nyasi. Halafu vibichi vya jikoni, tabaka jembamba zaidi. Halafu samadi, kisha majivu kidogo ya kunyunyiza, maana majivu mengi hukera wadudu wanaofanya kazi humo. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanamwagwa hapo hapo. Kisha vikavu tena. Wataalamu wa udongo wanaieleza hesabu hii kwa kaboni na nitrojeni: sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni, na vijidudu hushiba na kupata joto. Mama hana hesabu hiyo kichwani. Anajua tu kwamba kila ndoo ya vibichi inadai zaidi ya ndoo ya vikavu, na kwamba siku akikosa vikavu heri maganda yasubiri hadi kesho.

Biwi hufunikwa kwa majani ya mgomba, na katikati huchomekwa kijiti kirefu hadi chini. Hicho ndicho chombo chake cha kupimia. Siku kadhaa baadaye anakichomoa, anakishika kwa kiganja, kisha anakinusa. Kikiwa cha moto na kimelowa kidogo, anakirudisha na kwenda zake. Kikiwa cha baridi na kikavu, biwi lina kiu. Kikiwa cha baridi, kimerowa chapachapa na kinanuka yai viza, hewa imekwisha ndani: lipinduliwe leo, na vikavu viongezwe. Nimewaona watu waliosoma wakisimama mbele ya biwi linalonuka na kutafuta dawa ya kupuliza. Dawa ni jembe na mabua.

Kupindua ndiko kunakotenganisha fundi na anayelundika. Biwi zuri lenye upana na kimo cha karibu mita moja hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 katikati yake, na joto hilo huua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Kingo zake hubaki za baridi. Kwa hiyo baada ya wiki mbili au tatu biwi hubomolewa na kujengwa upya pembeni, kilichokuwa nje kiingie ndani, na hurudiwa tena baadaye. Ukitaka kujua kama mwenye biwi alipindua sawasawa, tazama pembeni mwa mboji yake mvua zikianza. Mche wa nyanya ukiota hapo, au boga likatambaa, ujue mbegu ile ilikaa ukingoni muda wote, haikuonja moto. Mama hang'oi mche huo kwa hasira, anauhamishia kwenye kitalu. Lakini ameona, na safari ijayo jembe litafika hadi kona.

Mboji iliyoiva haina sura ya kilichoingia. Ni nyeusi, inameguka, ina harufu ya udongo wa msituni, na ukiifinya kiganjani inashikana bila kutoa maji. Mwenye mashaka huipanda mchicha kwenye kopo. Miche ikitoka ya njano na kudumaa, biwi lirudi kivulini.

Historia ya elimu hii ina mzunguko wake wa kufurahisha. Mwingereza Albert Howard alitengeneza utaratibu wake wa mboji mjini Indore, India, katika miaka ya 1920, baada ya kuwaangalia kwa heshima wakulima wa huko na kusoma habari za wale wa China: matabaka, kupindua, miezi mitatu. Mwaka 1933 shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Nairobi, likawa miongoni mwa ya kwanza kuutumia nje ya India, na kutoka hapo ukasambaa kwenye mashamba makubwa ya kahawa ya Kenya na Tanganyika. Huko Lyamungu, jirani hapa Machame, kituo cha utafiti wa kahawa kilianza miaka hiyo hiyo. Wenye mashamba makubwa walisoma kitabuni jambo ambalo katika vihamba vilivyopakana nao lilikuwa likifanywa nyuma ya kila jiko, ingawa bila jina la mtu juu yake.

Tatizo liko chini, Kwa Sadala yenyewe, Bomang'ombe, Moshi mjini. Mtoto wa kihamba amepanga chumba na sebule, ua mmoja wapangaji sita, hakuna ng'ombe, hakuna mgomba. Ganda lile lile la mchare ambalo mama yake asingelitupa sasa linaingia kiroba kimoja na chupa na pampasi, linangoja gari la taka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazungumzia kutenganisha taka zinakozalishwa. Miradi nayo huja na mapipa ya rangi mbili. Sina ugomvi na mapipa, ila pipa haligawi taka. Nimeona la kijani likigeuzwa tangi la maji ndani ya mwezi, na siwalaumu wapangaji: walipewa chombo, hawakupewa mkono.

Mkono huo unafundishika hata kwenye ua wa sementi. Maganda ya familia moja ni machache mno kutengeneza biwi la moto, kwa hiyo mjini tukubali biwi la baridi, la polepole, linalofanywa na minyoo. Ndoo mbili zilizotobolewa matako na mbavu zatosha: moja inajazwa, nyingine inaiva. Kando yake kiroba cha vikavu kisikosekane, maranda kutoka kwa fundi seremala au majani yaliyofagiwa, na kila tabaka la maganda lifunikwe kwayo. Hapo nzi hawana la kufanya. Nyama, samaki na mafuta visiingie, vitaita panya. Wapangaji sita wakiunganisha nguvu wana ujazo wa kutosha kwa biwi la kweli, mradi wakubaliane nani anapindua Jumamosi gani, na hilo ni gumu kuliko sayansi yote niliyoieleza. Mwenye kipande cha ardhi achimbe shimo la mgomba la futi tatu, alijaze kidogo kidogo kwa miezi, kisha apande.

Jambo moja limekuwa rahisi kuliko zamani. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, mabiwi hayatoi tena vitambaa vya rambo kila jembe linapoingia. Vimebaki vifungashio vya pipi, wembe, vizibo vya soda na betri za redio zinazojificha ndani ya majivu. Mama wa Masama huyachekecha majivu kabla ya kuyanyunyiza, kwa chekeche kuukuu la unga lililotoboka kati na kushonwa kwa waya.

Kwa anayetaka kuanza, ningesema asubiri Agosti. Wakati huo mahindi ya tambarare yamevunwa, mabua yanapandishwa mlimani kwa malori na kwa vichwa vya akina mama, na yale yanayodondoka barabarani Kwa Sadala hayana mwenyewe. Akusanye vikavu kwanza, vingi, kabla ya kuhifadhi ganda hata moja. Biwi likijengwa mwezi huo na kupinduliwa mara mbili, mboji itakuwa tayari kwenye mvua za vuli, na kama halijaiva kufikia hapo basi litafunikwa lisubiri masika ya Machi, wakati kila mtu anagombania samadi na bei yake imepanda.