Les Craquantes: nyumba kwanza, urafiki baadaye

Wenzangu, kuna swali lenye linarudi kila mara tukizungumza juu ya seri za zamani: juu ya nini Les Craquantes haichoshi? Bamama wanne wenye umri, nyumba moja kule Miami, meza ya jikoni na gato ya fromaji. Hakuna bunduki, hakuna mchawi, hakuna tajiri mwenye anaoa binti maskini. Marekani ilianza kuonyeshwa tarehe 14 Septemba 1985 kwa jina la The Golden Girls, ikaisha tarehe 9 Mei 1992: sezoni 7, epizodi 180. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Lakini ukiifungua jioni kwenye kompyuta ya mtu, katika tafsiri ya Kifaransa, betri itaisha kabla watu hawajasimama.

Jibu lenye nasikia sana ni hili: wanachekesha na wanapendana. Ni kweli, lakini halitoshi. Seri ngapi zilichekesha, na leo hakuna hata mtu anakumbuka majina ya waigizaji? Mimi naona sababu ni ingine. Seri hii haianzi na urafiki. Inaanza na nyumba.

Angalia epizodi ya kwanza. Blanche ni mjane, nyumba ni yake. Rose ni mjane pia, ametoka Minnesota. Dorothy ni mwalimu, bwana yake alimwacha baada ya miaka 38 ya ndoa. Wawili hawa wanapanga kwa Blanche. Sasa Blanche anataka kuolewa tena, na Rose anashikwa na woga: yeye akiolewa, sisi tutaenda wapi? Wakati huohuo Sophia, mama ya Dorothy, anafika na mzigo wake, juu nyumba ya wazee alipokuwa anakaa imeungua. Mwishoni bwana arusi anakutwa ana wake wengine, polisi wanamkamata, na wote wanne wanabaki pamoja. Ndani ya dakika 25 hivi, kila mmoja ameguswa na swali moja tu: nitalala wapi?

Kisha, mwisho wa sezoni ya kwanza, tunaonyeshwa walivyokutana. Blanche alibandika tangazo kwenye duka kubwa kwamba anatafuta wapangaji. Basi. Hawakuwa marafiki wenye waliamua kukaa pamoja. Walikuwa wapangaji wenye walikuja kuwa marafiki. Kwa seri nyingi za urafiki mambo ni kinyume: watu wanapendana kwanza, na nyumba ni pambo tu, hakuna anayeogopa mwisho wa mwezi. Hapa upendo unatoka katika kugawana choo, friji, bili na usingizi.

Kuna kitu kidogo chenye wengi hawakioni. Katika epizodi ile ya kwanza nyumba ilikuwa na mpishi, kijana anaitwa Coco. Baada ya hapo wakamtoa, hakurudi tena. Walifanya vizuri kabisa. Bila mpishi, bamama wenyewe wanaingia jikoni, na jikoni njo kila kitu kinaamuliwa. Wawili wanagombana, wa tatu anasimulia hadithi ya kipumbavu ya kijiji chake, na Sophia anasema ule ukweli wenye wengine wanaufunika. Ukijua kwamba Estelle Getty, mwenye alicheza Sophia, alikuwa mdogo kwa Bea Arthur, "binti" yake, kwa mwaka mmoja na kidogo, utaheshimu kazi hiyo zaidi. Wote wanne, pamoja na Betty White na Rue McClanahan, walipata tuzo ya Emmy kwa seri hii. Hilo si jambo la kawaida.

Na kicheko chao kina kazi. Kuna epizodi Rose anaambiwa pensheni ya marehemu bwana yake imekatwa, juu kampuni imefilisika. Anatafuta kazi, na kila mlango unamwambia bila kumwambia: wewe umezeeka. Kuna nyingine Dorothy anaumwa uchovu usioisha. Daktari mmoja baada ya mwingine anamwambia hana ugonjwa. Susan Harris, mwenye alianzisha seri, aliandika hadithi hiyo kutokana na yale aliyopitia mwenyewe kwa madaktari. Mahali ofisi inasema hapana, jikoni inasema kaa, tuongee. Mtazamaji anacheka huku anajua kwamba bila nyumba ile, mama huyu angelikuwa amekwisha.

Njo maana inatugusa hata sisi wa Kasongo na Kabambare, wenye hatujaona Miami. Bamama zetu wanajua mpangilio huo. Likelemba haianzi juu watu wanapendana. Inaanza juu kila mmoja anahitaji siku moja ya kushika pesa nyingi kwa mkono mmoja. Kulima kwa zamu ni vilevile: leo mpunga wako, kesho karanga zangu. Upendo unakuja nyuma, kwa sababu ulikuja siku ya zamu yangu na mvua ilikuwa inanyesha. Kule Kabambare, mahali wanaume wengi wanaenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila, na mahali vita vimehamisha familia zaidi ya mara moja, nimefanya kazi na vikundi vya bamama ambao shamba la pamoja njo lilikuwa ukoo wao.

Lakini tusiisifu seri bila kuikosoa. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba inamwachia Blanche nyumba kirahisi mno. Bwana yake George amekufa, nyumba imebaki yake, na hakuna anayeuliza. Kuna hata epizodi shemeji yake anafika, na anafika kwa mambo ya mapenzi, si kudai parsele! Hapa kwetu tungecheka mpaka machozi. Kode ya Familia ya 1987, yenye ilirekebishwa mwaka 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba alimokaa na bwana yake. Karatasi inasema hivyo. Lakini ni mara ngapi kilio hakijaisha na shemeji ameshahesabu mabati? Udhaifu wa pili: kwa sezoni nyingi Rose na Dorothy ni watu wa kupanga tu. Woga wa epizodi ya kwanza ungeweza kurudi kila sezoni, na waandishi wanaupitia juujuu.

Kama bado hauamini kwamba nyumba njo moyo wa seri, angalia kilichofuata. Mwaka 1992 Dorothy anaolewa na kuondoka. Wale watatu wanauza nyumba na kununua hoteli, na seri mpya inaanza: The Golden Palace. Waigizaji ni walewale, vichekesho ni vilevile. Ilidumu sezoni moja tu. Kuondoka kwa Bea Arthur kuliumiza, sikatai. Ila kilichokufa hasa ni ile meza. Hotelini kuna wateja, wafanyakazi na hesabu za faida. Marafiki wamekuwa mabosi, na hakuna tena anayeuliza nitalala wapi.

Nasema haya nikiwa na miaka 28, na licence yangu ya agronomia, nikikaa nyumba moja ya kupanga na dada wawili wenye tulisoma pamoja. Kila wiki mtu anatuuliza: mnangoja nini? Bwana mtapata lini? Hatuwachukii, ni wazazi wetu. Lakini nyuma ya swali hilo kuna wazo kwamba mwanamke ana paa mbili tu, ya baba na ya bwana, na kwamba marafiki ni mambo ya auditware, yanakwisha siku ya kuvaa toga. Les Craquantes inaonyesha paa ya tatu. Haisemi ndoa ni mbaya. Dorothy mwenyewe anaolewa mwishoni, na tunafurahi naye. Inasema tu kwamba yule asiye na bwana, au aliyefiwa, au aliyeachwa, hajawa mtu wa kubebwa.

Kwa hiyo, wenzangu, hasa dada zangu, muitazame mcheke. Halafu mfanye kile seri haikutuonyesha vizuri. Kwenye kikundi tunaandika majina ya wote kwenye karatasi ya shamba kabla ya kupanda mpunga, si siku ya kuvuna. Mkipanga nyumba pamoja, au mkinunua parsele pamoja, fanyeni hivyohivyo: majina yote, sehemu ya kila mmoja, na mashahidi. Gato mtakula baadaye.