Jirani mwenye mkoba wa dawa
Segera ni njia panda ya Tanga, Moshi na Dar es Salaam, lakini sera ya afya haifiki nyumbani kwa basi. Inafikishwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wanastahili pongezi. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa nao 137,294 nchi nzima katika miaka mitano. Wapo watakaosema kwamba wahudumu hawa si wauguzi. Kweli, wala hawajidai; kazi yao ni kumwona mapema mjamzito aliyeacha kliniki au mtoto mwenye homa, kisha kutoa rufaa. Daktari wa mjini Korogwe hawezi kujua nani halali ndani ya chandarua, jirani anajua. Hofu ya siri za wagonjwa kuvuja ni nzito zaidi, ila inatibika kwa mafunzo, usimamizi na posho ya uhakika, maana kujitolea hakumfungi mtu kwa kiapo chochote.