Fumbo hufumbwa kwanza: Funzo la Barbara Kimenye kwa waandishi wa watoto

JUMAMOSI iliyopita nilikuwa ndani ya matatu nikitoka Meru kwenda Embu. Pale Nkubu akapanda mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, akaketi kando yangu, akafungua kitabu kilichokwisha kupoteza jalada. Nilikitambua kwa kusoma mistari miwili tu. Kilikuwa kimojawapo cha vitabu vya Moses vya Barbara Kimenye, nilivyovisoma nikiwa na umri kama wake. Nikamwambia, “Hicho nakijua. Mwisho wake...”

Hakuniacha nimalize. “Mzee, tafadhali, usiniambie!” Akageukia dirishani, akaendelea kusoma.

Ombi hilo limenishughulisha wiki nzima. Nimefundisha Kiswahili pande hizi za Embu na Meru kwa miaka mingi. Sikumbuki hata mara moja mtoto akiniomba nisimwambie mwisho wa hadithi ya Kiswahili. Kwa nini?

Tumwangalie kwanza mwandishi mwenyewe. Kimenye alizaliwa mwaka 1929 mjini Halifax, Uingereza. Alisomea uuguzi, akaolewa na Mtanganyika, akafuatana naye hadi Bukoba. Ndoa ilipovunjika akahamia Uganda, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka, kisha akawa mwanahabari. Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Nairobi, akaendelea na uanahabari huku akiandika vitabu. Hadithi zake za kijiji cha Kalasanda zilitoka mwaka 1965. Baadaye kidogo akamleta Moses, mvulana mtundu wa shule ya bweni ya Mukibi, shule yenye jina la kujigamba lakini inayowapokea watoto waliofukuzwa kwingine. Alifariki mwaka 2012 akiwa London.

Ni kweli kwamba si kila kitabu chake ni cha upelelezi. Vingi ni vituko vya bwenini na vichekesho vya walimu. Lakini tazama anavyorudia mambo yanayomtia mtoto wasiwasi: kuna kitabu cha Moses na watekaji nyara, kuna cha Moses na mzimu, na kabla ya hapo, mwaka 1966, alikuwa ameshaandika kimoja kuhusu wafanyamagendo. Nadhani uanahabari ulimfaa sana hapa. Ripota hukusanya alichoona na alichosikia, na hatoi hukumu kabla ya ushahidi. Kimenye humwachia mtoto kazi hiyo.

Hebu sasa tulitazame neno lenyewe. Fumbo limetokana na kitenzi fumba. Tunafumba macho, tunafumba mkono. Tukikiongezea kiambishi cha kutendua tunapata fumbua. Hapa lugha yetu inatufundisha utaratibu: huwezi kufumbua kitu ambacho hakikufumbwa. Ajabu ni kwamba hadithi nyingi tunazowaandikia watoto kwa Kiswahili hufumbua katika ukurasa wa kwanza, kisha hutumia kurasa arubaini zilizobaki kueleza kilichokwisha kueleweka.

Silaha tunayoitumia kulifanya kosa hili ni majazi, ile mbinu ya kumpa mhusika jina linalotangaza tabia yake. Majazi ina kazi yake, hasa katika kejeli. Lakini mtu akiitwa Bwana Tamaa, na siku ya pili pesa za chama zikapotea, kuna mtoto yeyote Runyenjes au Maua atakayejisumbua kumtafuta mwizi? Taharuki imekufa kabla haijazaliwa.

Msomaji makini atanipinga. Atasema Kimenye naye katumia majazi, maana miongoni mwa marafiki wa Moses yumo mvulana anayeitwa Itchy Fingers, yaani yule ambaye sisi tungesema ana mkono mrefu. Naam, ni kweli. Ila hapo jina ni utani wa wanafunzi wenyewe, wa aina ileile inayosikika katika kila bweni, na mwenye jina ni rafiki tunayempenda. Tunajua udhaifu wake tangu mwanzo, kwa hiyo fumbo haliko kwake. Tena tunajikuta tunamtetea mtu ambaye jina lake limekwisha kumhukumu. Kwetu majazi hufunga kesi. Kwa Kimenye, inatufanya tumwangalie mtu mara ya pili.

Sisemi haya nikiwa nimejitenga na kosa. Miaka mingi iliyopita, nikifundisha darasa la saba katika shule moja ya Mbeere, msichana mmoja aliniandikia insha kuhusu mbuzi wa nyanya yake aliyepotea usiku. Alitaja nyayo zilizoishia mtoni. Alitaja mbwa ambaye hakubweka. Alimtaja mjomba aliyekuja asubuhi kusaidia kutafuta, viatu vyake vikiwa vimelowa. Hakusema nani aliiba. Sentensi ya mwisho ilikuwa ya nyanya akimkaribisha mjomba uji.

Nilimpa alama 18 kwa 40. Kwa wino mwekundu nikaandika, “Funzo li wapi? Malizia kwa methali.” Insha iliyofuata aliimalizia kwa methali. Ilikuwa kuhusu umuhimu wa elimu, na nilimpa 30. Sikumwona tena akiandika kitu kama kile cha kwanza. Nilikuwa na mwandishi mbele yangu, nami nikamsahihisha mpaka akaacha.

Mtu asidai kwamba Kiswahili hakina mkondo huu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa akaendelea na kazi katika riwaya zilizofuata. Hata kabla ya vitabu, kitendawili kilikuwapo. Mtegaji husema “Kitendawili!”, hadhira hujibu “Tega!”, na ikishindwa jibu halitolewi bure: lazima mtegaji apewe mji kwanza. Hakuna bibi anayetega huku akitoa jibu. Mababu zetu walijua kwamba jibu likicheleweshwa ndipo linapokaa kichwani.

Kimenye naye ana mapungufu. Shule ya Mukibi ni ya wavulana, na msichana wa Siakago au Tigania anayetaka kujiona akitafuta ukweli hatajiona humo kwa urahisi. Maisha ya bweni aliyoyachora pia yako mbali na mtoto wa shule ya kutwa anayechota maji kabla ya kengele. Hii ndiyo nafasi ambayo waandishi wetu wa Kiswahili wangeijaza. Visa viko tele hapa: makadamia yanayotoweka shambani usiku, mizani ya kiwanda cha kahawa isiyoeleweka, taa inayoonekana msituni upande wa Mlima Kenya. Kinachokosekana ni mwandishi wa kumwamini mtoto, na mwalimu wa kumwacha asome bila kumuuliza funzo kila aya.

Nina pendekezo dogo kwa walimu. Msome hadithi na darasa hadi katikati, mfunge kitabu, kisha mwulize kila mwanafunzi anamshuku nani na kwa nini. Wote wakitoa jibu moja papo hapo, kitabu hicho hakina fumbo. Wakibishana mpaka kengele ilie, mmepata kitabu. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling’amua. Mbona tunawafumbulia werevu?

Mvulana wangu alishuka Runyenjes, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa. Kabla hajaufunga mlango alinigeukia akaniuliza, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu, “Mzee, lakini si huyo ninayemfikiria, ama?”

Nilimwambia aendelee kusoma.