Mto Usio na Daraja: Maneno Juu ya "Safari ya Msafiri"



Sisi wa upande huu wa nchi twaitwa kwa jina la mto. Mkoa wetu, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, umepewa jina la Songwe. Na mto Songwe ushukao kwenda Ziwa Nyasa ndio mpaka wetu na Malawi. Wakati wa kiangazi maji yake hupungua. Wakati wa masika hufurika, na huko chini tambarare huiacha njia yake ya kale ukajichimbia nyingine. Kwa hiyo mtu wa Ileje akisoma kitabu cha John Bunyan, akaufikia mto ule wa mwisho, hahitaji mfasiri. Ajua kwamba mto ni ule ule, lakini maji si yale yale kwa kila avukaye.

Nataka kusema juu ya mto huo, kwa sababu naona twausoma vibaya, na kosa letu lawaumiza wafiwa.

Mwandishi hakuwa mwanachuoni. Alizaliwa Uingereza mwaka 1628, akawa fundi wa kuziba sufuria zilizotoboka. Alitiwa gerezani mwaka 1660, akakaa humo hata 1672, kwa kuwa alihubiri pasipo ruhusa ya wakubwa. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilipigwa chapa mwaka 1678, na ya pili 1684. Tangu hapo kimefasiriwa katika lugha zaidi ya 200, na katika hizo zipatazo 80 ni za Afrika. Habari yake yajulikana: Mkristo atoka katika Mji wa Uharibifu, mzigo mgongoni, ashika njia ya Mji wa Mbinguni. Na mwisho kabisa, mbele ya lango, uko mto usio na daraja.

Mkristo na mwenziwe Tumaini wauliza kama iko njia nyingine. Wajibiwa kwamba tangu mwanzo wa ulimwengu ni wawili tu waliopita kwingine, Henoko na Eliya. Wauliza tena kama kina cha maji ni kimoja kwa wote. Waambiwa kwamba sivyo. Kila mtu ataona maji mengi au machache kwa kadiri amwaminivyo Mfalme wa mji ule. Neno hili ndilo watu walishikalo, kisha hufunga kitabu. Nimelisikia makaburini mara nyingi: fulani amekufa kwa utulivu, basi imani yake ilikuwa kubwa, fulani alilia na kushika mikono ya watu, basi palikuwa na dhambi iliyofichwa.

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya ualimu, alifariki mzee mmoja wa kanisa, ambaye ndiye aliyenifundisha Katekisimo. Alikuwa mtu wa sala, na mlango wake haukufungwa mbele ya maskini. Lakini usiku wake wa mwisho alishikwa na hofu kuu. Akaniuliza mimi, mwanafunzi wake, kama ni kweli Bwana atampokea. Sikuwa na neno. Nilimshika mkono tu mpaka alfajiri. Siku za matanga nikasikia minong'ono. Mjane wake naye aliisikia, na kwa muda wa mwaka mzima hakuketi kanisani mahali pake pa siku zote.

Laiti wale walionong'ona wangalifunua ukurasa unaofuata! Mkristo aingia majini, na mara aanza kuzama. Giza lamfunika, asahau mema yote aliyotendewa njiani, akumbuka dhambi zake tu, alia kwamba hataliona lango. Ni nani huyu azamaye? Si mnafiki. Ndiye aliyepigana na Apolioni, akapita katika bonde la uvuli wa mauti. Na Tumaini afanya nini? Hamkemei, wala hampimi imani. Akiinua kichwa cha mwenziwe juu ya maji kwa taabu kubwa, amwambia kwamba yeye anaigusa ardhi chini, nayo ni imara; na kwamba mateso haya si alama ya kuachwa na Mungu.

Nyuma yao yuko mtu mwingine, jina lake Mjinga. Huyu hazami hata kidogo. Apata mashua, na mwenye mashua aitwa Tumaini la Bure. Avuka upesi, nguo kavu. Afika langoni, aulizwa hati yake. Apapasa kifuani, hana kitu, na papo hapo afungwa na kutupwa nje. Sisi tukaao karibu na Tunduma twajua jambo hili kwa macho. Mtu aweza kuja mpaka mpakani kwa gari zuri na kwa moyo mweupe, mwingine akafika kwa miguu, amechoka na kutetemeka. Lakini mwenye ofisi hawaulizi walivyosafiri, huuliza hati.

Basi, Bunyan ametupa kipimo kilicho kinyume cha kile cha minong'ono: aliyezama alipokewa, na aliyevuka kwa raha alikataliwa. Na katika sehemu ya pili aongeza Bwana Mwenye Hofu, mtu aliyetetemeka maisha yake yote. Alipofika mtoni, maji yalikuwa yamepungua kuliko yalivyopata kuonekana, akavuka karibu bila kulowa zaidi ya miguu. Maji ya siku ile yamo mkononi mwa Mfalme. Tusiyasome kama hukumu.

Lakini kitabu hiki kina upungufu, nao yafaa tuutaje. Mkristo aanza safari kwa kutia vidole masikioni asiwasikie mkewe na watoto wake. Na mtoni hatuonyeshwi hata mtu mmoja alilaye ng'amboni. Mwandishi mwenyewe alilitengeneza hili katika sehemu ya pili: mama avuka, rafiki zake wapiga vinubi kwa furaha, lakini watoto wake walia, wala hakuna awakatazaye. Upungufu wa pili haukutengenezwa. Wasafiri huacha mavazi yao ya mauti mtoni, kama kitu kisichotakiwa tena. Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, aufananisha mwili na mbegu. Na mbegu haitupwi, hupandwa.

Hapa Mbozi, ambako Wamoravian walifungua misheni mwaka 1899, hatukosi msaada. Desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, ya kwenda makaburini siku ya Pasaka kabla ya jua kuchomoza, huwakusanya walio hai penye mbegu zao. Alfajiri moja ya namna hiyo nilimwona yule mjane amesimama penye kaburi la mumewe, akiimba pamoja na wengine. Tangu Jumapili iliyofuata alirudi mahali pake kanisani.

Nawasihi walimu wenzangu: msomapo habari ya mto shuleni au msibani, someni mpaka mwisho. Na mkiitwa usiku kwa mtu azamaye, msiende kupima maji. Inueni kichwa chake, mkamwambie kwamba chini pana ardhi. Bwana, aliyelia penye kaburi la Lazaro, atujalie sisi nasi mwenzi wa namna hiyo siku yetu itakapofika.