Maswali 28 Jikoni Endarasha

Dodoso la Brief COPE lilizaliwa kwa sababu wagonjwa walichoka. Charles Carver, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Miami, alikuwa na dodoso la maswali 60, zao la kazi aliyoichapisha na wenzake mwaka 1989. Wagonjwa waliopewa walijaze waliishiwa subira njiani. Mwaka 1997 akatoa toleo fupi: njia 14 za kuhimili msongo wa mawazo, kila moja maswali mawili. Alilijaribu kwa watu 168 wa eneo lililokuwa likijikwamua baada ya kimbunga Andrew huko Marekani. Siku hizi watafiti hulitumia sana kwa watu wanaouguza ndugu zao nyumbani bila malipo.

Kila swali lina majibu manne, kuanzia 1, yaani sifanyi hivyo kabisa, hadi 4, nafanya sana. Kwa hiyo kila njia hupata alama kati ya 2 na 8. Tuseme tuko Endarasha, Kieni, kaunti ya Nyeri, kwa mwanamke anayemuuguza mama mkwe aliyepooza kwa kiharusi, huku kabichi na ng'ombe vikimngoja. Akilisikia vibaya swali moja kuhusu kuikubali hali, akajibu 1 badala ya 4, alama yake inaporomoka kutoka 8 hadi 5. Katika dodoso refu, kila njia ilikuwa na maswali manne, na kosa kama hilo lingemezwa na mengine matatu.

Njia yenye sifa nzuri kuliko zote kitakwimu ni ile ya kutumia pombe na dawa za kulevya. Carver alipata kwamba maswali yake mawili yanaafikiana kwa kipimo cha 0.90, ilhali yale ya kutoa dukuduku yaliambulia 0.50. Lakini katika Kenya ya kati, ambako pombe ni suala la chifu, kanisa na polisi, nani atamwambia mhudumu wa afya ya jamii, ambaye pia ni jirani, kwamba jioni hupiga glasi mbili? Atajibu 1, kisha 1 tena. Maswali yataafikiana barabara. Kipimo hicho hupima msimamo, na hata uongo una msimamo. Maswali ya dini yana shida kama hiyo upande wa pili: wengi wakipata 8, hayamtenganishi yeyote na mwenzake.

Halafu kuna lugha. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Kilifi, walichukua madodoso mafupi ya huzuni na wasiwasi, PHQ-9 na GAD-7, wakayapima upya kwa Kiswahili na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Kazi hiyo haibebeki moja kwa moja hadi Nyeri. Endarasha swali likisomwa kwa Kiswahili, jibu huenda likaja kwa Kikuyu, na kila mhoji atalitafsiri papo hapo anavyojua. Ni afadhali toleo la Kikuyu liandikwe na lijaribiwe kabla ya mtu kubisha hodi.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kujumlisha alama zote 28 kupata namba moja. Carver hakuweka jumla, na alikuwa na sababu: kupanga na kukana ukweli haviwezi kuwekwa kapu moja. Claudia Cooper na wenzake, London, walipolipima dodoso la Brief COPE kwa wanaowatunza wagonjwa wa kusahau uzeeni, walizigawa njia hizo katika makundi matatu. Katika utafiti wao, waliotegemea zaidi kutatua tatizo, na kidogo kutuliza hisia, ndio waliokuwa na wasiwasi zaidi mwaka mmoja baadaye. Si ajabu: kusahau kwa uzeeni, kama kiharusi, hakutatuliwi kwa mpango mzuri wa kazi.

Ningelitumia dodoso hili Endarasha, lakini mhoji atoke kijiji kingine, maswali ya pombe yasomwe mwisho, na mama mkwe asiwe amekaa chumba hichohicho. Tena ningeambatanisha dodoso la mzigo la Zarit lenye maswali 12, kwa kuwa Brief COPE huuliza mtu anabebaje mzigo bila kuuliza mzigo wenyewe una uzito gani.