Mgonjwa wa akili katika sinema « Psycho »

Sinema hii ilitoka Marekani mwaka 1960. Aliyeifanya ni Bwana Alfred Hitchcock, Mkatoliki aliyesoma kwa Mapadri Wayezuiti huko London. Wengi waisifu kwa sababu yatisha. Sisi twaisifu kwa jambo lingine, kisha tuna neno nayo.

Mambo yaanza kwa wizi. Marion, karani wa mji wa Phoenix, aliiba dola 40.000 za tajiri mmoja ili aolewe na mchumba wake mwenye madeni. Akakimbia kwa motokari. Usiku wa mvua akalala katika hoteli ndogo ya kando ya njia, yenye kutunzwa na kijana Norman Bates. Norman akamletea mkate na maziwa, wakaongea katikati ya ndege waliokufa, waliokaushwa na kusimamishwa kama wazima. Marion akamshauri kumpeleka mama yake mgonjwa mahali wanapotunzwa watu wa namna hiyo. Hapo kijana akabadilika uso. Akasimulia nyumba zile za wenye wazimu: vicheko, machozi, macho makali yenye kumchungulia mtu. Kwetu sisi, sinema nzima haina mahali pazuri kupita hapo, maana mgonjwa ajisemea mwenyewe. Tena baada ya maongezi hayo Marion akakata shauri kurudisha feza. Mgonjwa ndiye aliyemwamsha mwenye akili timamu!

Lakini akiwa anaoga, Marion akauawa kwa kisu, na toka hapo ugonjwa wawa mtego tu wa kushtusha watazamaji. Kumbe yule mama amekufa miaka kumi, kwa sumu ya mwanawe mwenye wivu. Norman avaa nguo zake na kusema kwa sauti yake. Mtu atoka akifikiri: mwenye ugonjwa wa akili ni mwuaji aliyejificha. Si kweli. Waganga wajua kwamba wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu. Mara nyingi zaidi wao ndio wenye kudhuriwa.

Hadithi ya namna hii yaweza kusikiwa vingine. Kule Geel, Ubelgiji, wasimulia kwamba Mtakatifu Dymphna aliuawa na baba yake mwenyewe, aliyepotewa na akili kwa kufiwa na mke. Hayo nayo ni mauaji ya wazimu. Lakini watu wa Geel, tangu karne nyingi, wapokea wagonjwa wa akili nyumbani mwao na kula nao meza moja.

Katika sinema, mganga aja mwishoni, aeleza yote kwa dakika chache katika ofisi ya polisi, upesi mno, kama mwenye duka ahesabuye faida ya siku. Norman yuko chumba kingine, amejifunika blanketi, nzi mkononi mwake. Wenye kumsikiliza mganga wauliza habari za Marion na za feza. Nani atamwuguza kijana yule, hakuna aulizaye.